Mtetea mwenye uvimbe: maisha ya Peyton Rous, mtafiti wa virusi na saratani

Mwaka 1909, mfugaji mmoja wa kuku nchini Marekani aliona uvimbe kifuani mwa mtetea wake. Alikuwa kuku wa mbegu bora, aina ya Plymouth Rock, wale wenye manyoya ya mistari myeupe na ya kijivu, na bado alikuwa kijana. Wewe unayefuga unajua kinachofuata kwa kawaida: kisu, au shimo nyuma ya banda. Mfugaji huyu alifanya jambo jingine. Alimchukua kuku wake akiwa hai hadi jijini New York, kwenye taasisi ya utafiti ya Rockefeller, akauliza kama kuna mtu anayejua maradhi yale.

Aliyempokea alikuwa daktari mwenye umri wa miaka 30 hivi, ndiyo kwanza ameanza kazi pale. Jina lake ni Francis Peyton Rous. Kutokana na mtetea yule alipata jibu ambalo wenzake walilikataa kwa miaka mingi, na alipokuja kupewa tuzo kwa ajili yake alikuwa mzee wa miaka 87.

Tumepokea maswali kadhaa kutoka kwa wasikilizaji wanaotaka kujua kama saratani inaweza kuletwa na virusi, na kwa nini wasichana wetu wanachanjwa shuleni kuzuia saratani ya shingo ya kizazi. Ukifuata njia ya maswali hayo kurudi nyuma, utafika kwa kuku huyu na daktari huyu. Ndiyo maana leo tunasimulia maisha yake.

Kidole kilichokwaruzwa

Rous alizaliwa tarehe 5 Oktoba 1879 mjini Baltimore, mashariki mwa Marekani. Baba yake alifariki mapema na kumwachia mama watoto watatu, Peyton akiwa mkubwa wao. Ndugu za mama walikuwa Texas, mbali sana, na huko angepata msaada. Lakini alibaki Baltimore kwa sababu moja tu: shule za pale zilikuwa nzuri. Maisha yalikuwa ya kubana matumizi. Kijana alipenda maua ya porini, na alipokuwa mwanafunzi wa chuo aliandika habari za maua katika gazeti la mji, akalipwa visenti vyake.

Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Siku moja, akiwa mwaka wa pili, alikuwa akipasua maiti ya mgonjwa wa kifua kikuu, akajikwaruza kidole kwenye mfupa wenye ugonjwa. Wakati ule hapakuwa na dawa ya kifua kikuu. Vijidudu vilipanda hadi kwenye tezi za kwapani. Tezi zikakatwa, kisha akaambiwa aondoke mjini, akapumzike na kuona kama mwili utashinda wenyewe.

Alikwenda Texas. Mjomba wake alimtafutia kazi kwenye ranchi, na huyu mwanafunzi wa udaktari akawa mchunga ng'ombe anayepanda farasi na kulala nje chini ya nyota. Alikaa huko karibu mwaka mzima. Hadi uzeeni aliukumbuka kama mmoja wa miaka mizuri ya maisha yake, jambo la ajabu kwa mtu aliyepelekwa kule kungoja kupona au kufa. Alipona, akarudi, akahitimu mwaka 1905.

Baada ya kuwatibu watu kwa muda mfupi alijiona hafai kazi ya wodini. Alitaka kujua ugonjwa unatoka wapi. Akaenda Chuo Kikuu cha Michigan kufundisha elimu ya magonjwa, na mkuu wake, Profesa Aldred Warthin, akafanya jambo ambalo wakubwa wengi hawafanyi: aliacha malipo yake ya kufundisha likizo ili kijana huyu apate nauli ya kwenda kusoma Ujerumani. Mwaka 1909 Rous aliajiriwa Rockefeller. Mkurugenzi, Simon Flexner, alimkabidhi maabara ya saratani. Watu walimtahadharisha kuwa saratani ni mahali pa kupotezea ujana, kwa sababu hakuna aliyekuwa akipata lolote huko.

Ndugu wa tumbo moja

Sasa turudi kwa mtetea. Rous alikata kipande cha uvimbe akakiangalia kwa darubini. Ilikuwa saratani ya nyama, isiyo na shaka. Swali likawa: je, inaweza kuhamishwa kwa kuku mwingine?

Alichukua vipande vidogo akavipandikiza kwa kuku wengine. Kwa kuku wa kawaida walionunuliwa sokoni, vipande vilikauka na kupotea. Lakini kwa ndugu wa karibu wa mtetea yule, wa ukoo uleule kutoka banda la mfugaji yuleyule, uvimbe ulishika na kukua. Rous akautoa kwa kuku wa kwanza, akaupeleka kwa wa pili, kisha wa tatu. Kadiri ulivyohamishwa ulizidi kuwa mkali, hadi mwisho ukaweza kuwashika hata kuku wasio wa ukoo ule.

Kwa nini ndugu kwanza? Kila mnyama hujengwa na maagizo aliyorithi kwa baba na mama, tunayoyaita vinasaba au jeni. Mwili huitambua nyama yenye maagizo yake na huikataa ya mgeni. Ni sababu hiyohiyo inayofanya mtu anayehitaji figo atafutiwe kwanza kwa ndugu zake. Mwaka 1909 mambo haya yalikuwa mapya kabisa. Neno jeni lenyewe lilibuniwa mwaka huohuo na mwanasayansi wa Denmark, Wilhelm Johannsen. Kama yule mfugaji angekuwa na kuku wa kuokoteza, mmoja huku na mwingine kule, huenda jaribio lingeishia kwenye kuku wa kwanza. Usafi wa mbegu ya banda lake ndio uliofungua mlango.

Hadi hapo, Rous alikuwa amehamisha seli za saratani, yaani vile vyumba vidogo vinavyoujenga mwili. Ni kama kuchukua pingili ya muhogo na kuipanda shamba jingine. Hatua iliyofuata ndiyo iliyozua balaa.

Aliusaga uvimbe, akauchanganya na maji ya chumvi, kisha akapitisha maji yale kwenye chujio la udongo maalumu uliochomwa. Matundu ya chujio hilo ni madogo sana. Seli haipiti. Hata bakteria hawapiti. Kilichotoka upande wa pili kilikuwa maji tu, ukiyatazama kwa darubini ya siku zile huoni kitu. Akawadunga kuku wazima maji hayo, akasubiri.

Baada ya wiki kadhaa, uvimbe uliota. Saratani ileile.

Maana yake ilikuwa nzito. Ndani ya maji yale kulikuwa na kitu kidogo kuliko bakteria, na kitu hicho ndicho kilicholeta saratani. Wafugaji wa ng'ombe walikuwa wameshaonja ukali wa vitu vya namna hiyo. Mwaka 1898 wataalamu wa Ujerumani, Friedrich Loeffler na Paul Frosch, walionyesha kuwa ugonjwa wa miguu na midomo unapita kwenye chujio. Mwaka 1902 ikajulikana kuwa sotoka nayo inapita. Leo vitu hivyo tunaviita virusi. Rous alikuwa mwangalifu. Katika taarifa yake ya mwaka 1911 hakukimbilia kusema ni kirusi. Alieleza tu kwamba kisababishi kinaweza kutenganishwa na seli za uvimbe.

Hakuwa wa kwanza kabisa kugusa jambo hili. Mwaka 1908, huko Copenhagen, Vilhelm Ellermann na Oluf Bang walikuwa wameonyesha kuwa saratani ya damu ya kuku inapita kwenye chujio. Lakini siku zile maradhi hayo ya damu hayakuhesabiwa kuwa saratani, kwa hiyo kazi yao ilipita bila kelele.

Hakuna aliyetaka kusikia

Ungetegemea dunia ishangilie. Haikufanya hivyo. Wapo waliosema chujio lilikuwa na tundu na seli zikapenya. Wapo waliosema kuku si mtu, na maradhi ya ndege hayatufundishi lolote. Rous alikuja kusimulia kwamba mtaalamu mmoja alimweleza kwa upole kuwa ule uvimbe hauwezi kuwa saratani, kwa sababu chanzo chake kimejulikana! Saratani, kwa mtaalamu huyo, ilikuwa ugonjwa usio na chanzo kinachojulikana, basi ukikiona chanzo ujue si yenyewe.

Tusiwacheke wote. Walikuwa na hoja moja yenye uzito: saratani haiambukizi kama surua. Mke anamuuguza mumewe miezi mingi na haipati. Ikiwa ni kijidudu, mbona hakirukii jirani? Jibu la swali hilo lilihitaji elimu ambayo haikuwapo bado.

Rous na mwenzake James Murphy waliendelea. Walipokea kuku wengine wenye uvimbe, wakapata aina nyingine za saratani zinazopita kwenye chujio, kila moja ikileta aina yake na si nyingine. Kisha Rous akajaribu kwa panya, maana panya ni mnyama anayenyonyesha kama sisi, na kama angefaulu kwao hoja ya kuku si mtu ingekufa. Alijaribu na kujaribu. Hakupata kitu.

Mwaka 1915 aliacha. Alikuwa na ushahidi mkononi, hana wa kumwamini, na panya wamemwangusha. Mimi naona huu ndio ukurasa mchungu zaidi katika maisha yake, kuliko hata kile kifua kikuu. Mwaka huohuo alimwoa Marion deKay, na wakajaliwa mabinti watatu.

Chumvi, sukari na damu

Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa inawaka Ulaya, na askari walikufa kwa kutokwa damu. Kumwongezea mtu damu kuliwezekana, lakini mtoaji alipaswa kuwa pale pale ubavuni mwa mgonjwa, kwa sababu damu ikitoka huganda. Rous akishirikiana na J. R. Turner walitafuta namna ya kuihifadhi. Mwaka 1916 walitoa jibu: chumvi iitwayo sitreti ili isigande, na sukari ya glukosi ili seli nyekundu ziendelee kuishi. Seli ziliweza kukaa wiki kadhaa kwenye baridi.

Kijana aliyekuwa amefanya kazi katika maabara yake, Oswald Robertson, akaenda vitani na ujuzi huo. Mwaka 1917, nyuma ya mstari wa mapigano, alianzisha ghala la kwanza la damu iliyotolewa mapema na kuhifadhiwa kwenye barafu. Mifuko ya damu inayotumika hospitalini leo, ile anayowekewa mama aliyetokwa damu wakati wa kujifungua au mtoto mwenye malaria kali, bado ina sitreti na sukari ndani yake. Kazi hii peke yake ingetosha kulifanya jina la Rous likumbukwe, lakini yeye hakuipigia tarumbeta.

Miaka iliyofuata alichunguza ini, nyongo na mishipa midogo ya damu, na kwa miongo mingi alikuwa mhariri wa jarida kubwa la utafiti wa tiba. Waandishi walimwogopa kwa kalamu yake, maana hakuacha sentensi legelege ipite.

Huku nyuma, uvimbe wa mtetea haukufa. Uliendelea kuhamishwa kutoka kuku hadi kuku katika maabara mbalimbali. Murphy, yule mwenzake wa zamani, alifika mahali akakataa kuwa ni kirusi. Kijana kutoka Ubelgiji, Albert Claude, alipewa kazi ya kukitafuta hicho kitu ndani ya uvimbe, na katika kukitenganisha akajikuta amegundua viungo vidogo vilivyomo ndani ya seli, jambo lililompa Tuzo ya Nobel mwaka 1974. Kuku mmoja, na bado tunahesabu.

Sungura wenye pembe

Mwaka 1933, mtafiti Richard Shope aliwachunguza sungura wa porini waliokuwa na vigwaru vikubwa vilivyosimama kama pembe. Akavisaga, akavichuja, akawapaka sungura wengine. Vigwaru vikaota. Ni kirusi. Shope, ambaye alikuwa rafiki wa Rous, aliona jambo hili linaelekea kwenye saratani, na akampa kazi hiyo.

Basi baada ya karibu miaka 20, Rous alirudi alikotoka. Akiwa na Joseph Beard alionyesha kuwa kwa sungura wa kufugwa, vigwaru vile baada ya miezi hugeuka kuwa saratani halisi, inayosambaa na kuua. Huyu sasa si kuku, ni mnyama anayenyonyesha. Lakini jambo moja lilimsumbua: vigwaru vikishageuka saratani kwa sungura wa kufugwa, kirusi hakipatikani tena. Kimejificha wapi?

Akaenda mbali zaidi. Alipaka lami masikio ya sungura, maana watafiti wa Japani walikuwa wameshaonyesha kuwa lami huleta saratani. Aliona kwamba kitu kimoja kinaweza kuiamsha seli kidogo tu na kuiacha imelala, kisha kitu kingine, hata kidonda cha kawaida kinachopona, kikaichochea ikawa uvimbe. Saratani huja kwa hatua. Hapo ndipo swali la mke na mume lilipoanza kupata jibu: kirusi kinaweza kuingia kwa wengi, kikalala miaka, na ni wachache tu watakaougua, kwa sababu kuna hatua nyingine zinazohitajika.

Uvimbe wa taya kutoka Kampala

Hapa habari inafika kwetu. Katika miaka ya 1950, daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyefanya kazi Hospitali ya Mulago mjini Kampala, aliona watoto wengi wenye uvimbe wa taya unaokua kwa kasi ya kutisha. Alichora ramani ya mahali ulipotokea, akaona unafuata maeneo ya joto na mvua. Machi 1961 alihutubia London.

Kati ya waliomsikiliza alikuwa Anthony Epstein, mtafiti ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa akikichunguza kirusi cha kuku wa Rous kwa darubini ya elektroni. Kwa sababu ya kuku, akili yake ilikuwa tayari. Aliposikia kuwa uvimbe unafuata hali ya hewa, aliwaza mara moja kwamba kuna kirusi. Wakapatana vipande vya uvimbe viwe vinatumwa kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka 1963 ndege moja ilizuiwa na ukungu London, ikatua Manchester, na sampuli ikachelewa. Maji yake yalikuwa yamechafuka, ungedhani yameoza, kumbe seli zilikuwa zimeachana na kuelea zikiwa hai. Kutokana na sampuli hiyo, mwanzoni mwa 1964, kirusi kilionekana. Ndicho kirusi cha kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu, na leo kinaitwa Epstein-Barr. Karibu sote tunakibeba. Wanaougua ni wachache, na malaria ya mara kwa mara ni mmoja wa wachochezi, sawa na alivyoeleza Rous kwa sungura wake.

Tuzo ya uzeeni

Rous alipendekezwa kupewa Tuzo ya Nobel kwa mara ya kwanza mwaka 1926. Tuzo ya tiba ya mwaka huo ikaenda kwa Johannes Fibiger wa Denmark, aliyedai mnyoo fulani huleta saratani tumboni mwa panya. Baadaye ikaonekana alikosea. Baada ya aibu hiyo, waamuzi wakawa wazito kugusa habari za saratani.

Miaka ya 1950 mambo yaligeuka. Ludwik Gross alipata kirusi cha saratani ya damu kwa panya, walewale panya waliomwangusha Rous, na wengine wakafuata. Mwaka 1966 Rous alipewa Nobel, pamoja na Charles Huggins aliyetafiti tiba ya saratani ya tezi dume. Ilikuwa imepita miaka 55 tangu taarifa ya chujio. Mkwe wake, Alan Hodgkin, alikuwa ameshaipata yake miaka mitatu kabla, kwa utafiti wa mishipa ya fahamu.

Sasa sikiliza kituko. Mzee huyu aliyekataliwa maisha yake yote, alipopanda jukwaani Stockholm, alitumia sehemu ya hotuba yake kuwapinga wenzake waliosema saratani inatokana na kuharibika kwa jeni ndani ya seli. Hakuwaamini. Kwake, fundisho hilo lilikuwa limewapumbaza watafiti. Alikuwa amepinga jambo hilo kwa miaka mingi na hakubadilika. Tunamheshimu, lakini hapa alikosea, na aliyemkosoa alikuwa kuku wake mwenyewe.

Kilichokuwa ndani ya kirusi

Rous alifariki New York tarehe 16 Februari 1970, akiwa na miaka 90. Miezi michache tu baadaye, Howard Temin, ambaye alikuwa amekichunguza kirusi cha Rous tangu miaka ya 1950, alitangaza kuwa kirusi hicho kina kimeng'enya kinachoandika maagizo yake kinyumenyume, kisha maagizo hayo huingizwa ndani ya vinasaba vya seli. David Baltimore alipata hivyohivyo wakati uleule. Hapo ndipo kirusi kinapojificha: kinakuwa sehemu ya seli yenyewe.

Miaka zaidi ya 10 baadaye ulipokuja Ukimwi, ilionekana kuwa virusi vyake ni vya jamii hiyohiyo na vina kimeng'enya hichohicho. Dawa za kufubaza virusi, kama tenofovir na lamivudine zilizomo kwenye kidonge ambacho wengi katika nchi zetu humeza kila siku, hufanya kazi kwa kukiziba kimeng'enya hicho.

Chanjo nayo ikaja kwa njia ya sungura. Mjerumani Harald zur Hausen alionyesha miaka ya 1980 kuwa saratani ya shingo ya kizazi huletwa na virusi vya papiloma, ndugu wa kile cha vigwaru vya sungura. Rwanda ilianza kuwachanja wasichana mwaka 2011, Uganda 2015, Tanzania 2018 na Kenya 2019. Na kwa wanaouliza kuhusu kula kuku: kirusi cha Rous ni cha ndege, na saratani za watu tulizozitaja hapa zina virusi vyake vingine. Hata hivyo, ukiona kuku mwenye uvimbe, mtenge na umwite afisa mifugo, kwa sababu kuna maradhi kama Mareksi na ndui ya kuku ambayo yanaweza kumaliza banda, nayo yana chanjo.

Mwaka 1976 watafiti wa California, wakiwemo Michael Bishop na Harold Varmus, waliichukua ile jeni moja ndani ya kirusi cha Rous inayoleta saratani, wakatafuta ilikotoka. Waliikuta kwa kuku wazima, wasio na kirusi chochote. Wakaikuta kwa bata, kwa bata mzinga, kwa kwale, hata kwa emu, yule ndege mkubwa wa Australia. Baadaye ikapatikana kwa binadamu. Ni jeni ya kawaida inayoiambia seli lini ikue. Wakati fulani kirusi kiliinyakua kutoka kwa kuku, kikaibeba ikiwa imeharibika, haijui tena kunyamaza. Bishop na Varmus walipewa Nobel mwaka 1989, na walichokichunguza kilikuwa kizazi cha ule uvimbe uliopokelewa mwaka 1909 kutoka kwa mfugaji ambaye hakumchinja mtetea wake.